Kabla ya Kung'oa Diski ya Zamani: Kupima na Kuongeza Hifadhi ya Seva ya Nyumbani Lamu

Seva ya nyumbani yenye diski pacha, yaani mbili zinazobeba data ileile, ikikaribia kujaa, wengi hununua diski kubwa, wakaichomoa ya zamani na kuitia mpya. Wenye hadhari huipima kwanza hiyo mpya, maana ni mgeni na tabia zake hazijulikani. Wanafanya vizuri, lakini hatari kubwa imekaa upande wa pili. Siku ya kubadilisha ndiyo siku ambayo diski iliyobaki husomwa kutoka mwanzo hadi mwisho bila kupumzika, saa nane, kumi au ishirini, ili kumjaza huyo mgeni. Diski ambayo kwa miaka minne imekuwa ikitoa picha chache za arusi na kaseti za Maulidi zilizohamishiwa kwenye kompyuta, ghafla inadaiwa kila ilichonacho. Sekta, yaani kipande kidogo cha diski, iliyoharibika zamani ndani ya faili ambalo hakuna aliyelifungua hujitokeza siku hiyo, na pacha wake ambaye angeisahihisha umeshamng'oa.

Kwa hiyo kazi huanzia kwenye diski zilizomo, siyo kwenye ile iliyoko dukani.

Daftari la afya

Kila diski hujiwekea kumbukumbu za afya yake, zinazoitwa SMART. Kwenye Linux husomwa kwa programu ya smartmontools, ambayo kwenye Debian na Ubuntu huingizwa kwa `sudo apt install smartmontools`, kisha:

`sudo smartctl -a /dev/sda`

Kama diski imo kwenye kasha la USB na amri ikakataa, ongeza `-d sat`. Ukipata majibu, usiridhike na neno PASSED lililoko juu. Neno hilo hubadilika pale tu namba fulani inapovuka kikomo alichoweka mtengenezaji mwenyewe, na diski nyingi huzikwa zikiwa bado na PASSED yao. Shuka kwenye jedwali, utazame safu ya mwisho iitwayo RAW_VALUE.

Anza na namba 197. Hii huhesabu sekta ambazo diski imejaribu kuzisoma ikashindwa, na sasa inangoja ziandikwe upya ndipo iamue. Zikiandikwa, kuna mawili. Sahani ikipokea maandishi vizuri, sekta inarudi kazini na 197 inashuka. Ikikataa, sekta inatupwa, nafasi yake inachukuliwa na moja ya akiba, na namba 5 inapanda. Tofauti hii ni kubwa mahali ambapo stima hupotea bila taarifa. Umeme ukikatika diski ikiwa katikati ya kuandika, sekta moja inaweza kubaki nusu mpya nusu ya zamani. Hesabu zake za kujisahihisha hazipatani tena, basi diski inaiingiza kwenye 197 ilhali sahani yenyewe ni nzima. Diski ya namna hiyo haistahili kutupwa. Data ikiwa imeshahamishwa, iandike upya yote kwa amri ya badblocks iliyoko chini, halafu utazame: 197 ikirudi sifuri na 5 ikabaki palepale, tatizo lilikuwa umeme. Ikiwa 5 imepanda, tatizo ni diski.

Namba 5 nayo isikutishe kwa kuonekana tu. Diski yenye sekta 8 zilizotupwa, ikakaa na 8 hizohizo miaka miwili, bado inaweza kufanya kazi ya nyumbani. Diski iliyotoka sifuri ikafika 16, wiki iliyofuata 40, hiyo inakufa, hata kama 40 ni tone katika mabilioni ya sekta zake. Kinachosema ukweli ni mwendo wa namba, ndiyo maana namba zinafaa kuandikwa mahali kila mwezi, hata kwenye daftari la karatasi kando ya seva. Utafiti wa Google uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba baada ya kosa la kwanza la uchunguzi wa sahani, uwezekano wa diski kufa ndani ya siku 60 ulikuwa mara 39 ya diski isiyo na kosa hilo.

Hata hivyo ukimya si ushahidi wa uzima. Mwaka 2016 Backblaze, kampuni ya Marekani inayohifadhi data za watu kwenye maelfu ya diski na kuchapisha takwimu zake, ilieleza kwamba asilimia 23.3 ya diski zake zilizokufa hazikuwa zimeonyesha lolote kwenye namba 5, 187, 188, 197 na 198. Karibu robo nzima ziliondoka bila kuaga.

Namba 199 ina habari nyingine kabisa. Huhesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na ubao mama, yaani kebo na viungio vyake. Mtu asiyejua huirudisha diski dukani, akapewa nyingine, na tatizo likabaki nyumbani. Kwa nyumba iliyo karibu na bahari hiki ndicho kiungo cha kwanza kukaguliwa. Zima seva, chomoa kebo ya SATA, utazame ndani ya mdomo wake kwa tochi ya simu. Vipande saba vya chuma vinatakiwa kung'aa rangi ya dhahabu. Ukiona ukungu mweupe wa chumvi au doa la kijani pembeni, kebo hiyo itupe, kwa kuwa nyingine ni ya bei ndogo. Upande wa diski hautupiki, kwa hiyo usafishe kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa kisichoacha nyuzi, uache ikauke kabla ya kurudisha umeme. Namba 199 haishuki kamwe. Andika ilikosimama siku ya kubadilisha kebo, na ikitulia hapo umemaliza.

Nyingine ni za kupitia haraka. Namba 9 ni saa ilizofanya kazi, na mwaka mmoja bila kuzimwa ni saa 8,760. Namba 192 hupanda kila umeme unapokatika ghafla na diski ikalazimika kuvirudisha vichwa vyake maegeshoni kwa pupa, kwa hiyo pia ni hesabu ya aina ya umeme uliyonao. Kwenye diski za Seagate, namba 1 na 7 huonyesha tarakimu ndefu za kutisha. Ziache, ni hesabu mbili zilizofungwa pamoja na kwa kawaida hazina ubaya.

Ukishasoma, iamuru diski ijikague yenyewe sahani nzima:

`sudo smartctl -t long /dev/sda`

Kazi hii husoma tu, haifuti chochote, na seva inaweza kuendelea kutumika ingawa polepole. Diski ya TB 4 huchukua saa saba hadi tisa hivi. Majibu yako kwenye `sudo smartctl -l selftest /dev/sda`. Unataka kuona "Completed without error". Ukiona "read failure", mstari huo pia hutaja sekta ya kwanza iliyoshindikana. Ukiona "Interrupted" au "Aborted", mara nyingi ni umeme uliokatika au kasha la USB lililolala, hivyo rudia.

Kama seva inatumia ZFS, mfumo wa kupanga na kulinda faili kwenye diski, malizia na `sudo zpool scrub hazina`, ukiweka jina la hifadhi yako badala ya hazina. Kujikagua kwa diski hujua tu kama sekta inasomeka. ZFS hujua zaidi, kwa sababu kila kipande cha data kina alama yake ya hesabu, basi huona hata kile kinachosomeka vizuri lakini si kile kilichoandikwa, na hukisahihisha kutoka kwa pacha. Kazi ikiisha na `zpool status` ikasema hakuna makosa, hapo una ruhusa ya kufikiria kununua.

Joto, chumvi na stima

Karatasi za watengenezaji huruhusu diski kufanya kazi hadi nyuzi 60 au 65. Hiyo ni mipaka, si makao. Ziweke chini ya 45, na 50 ihesabu kuwa kengele. Wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, chumba cha Lamu au Malindi kinaweza kufika 32 alasiri, na diski mbili zilizobanana ndani ya kasha lisilo na feni hukaa nyuzi 15 au zaidi juu ya hapo. Wakati wa kupima au kujaza ndipo joto hupanda zaidi. Feni moja ya milimita 120, hata inayozunguka polepole, ikipuliza moja kwa moja kati ya diski, inatosha kwa nyumba nyingi.

Mahali pa kuiweka seva panahitaji kufikiriwa. Kidaka cha ukutani katika nyumba ya mawe kinavutia, kina kivuli na hakiguswi na watoto, lakini hakina njia ya hewa nyuma, na ukuta wa matumbawe na chokaa hushika unyevu na humwaga vumbi jeupe linalokwama kwenye feni. Juu kabisa chini ya makuti ni pabaya zaidi kwa joto na kwa takataka zinazodondoka. Chumba cha kati, kwenye meza iliyo mbali kidogo na ukuta, na dirisha lisiloelekea baharini, ndipo pafaapo. Usijaribu kuifungia seva ndani ya plastiki kuikinga na chumvi, utaipika. Diski za kawaida zina kitundu kidogo cha kupumulia chenye onyo la kutozibwa. Zile zilizojazwa gesi ya heliamu hazina kitundu, zimezibwa kabisa, na kwa hewa ya pwani hiyo ni faida ya kweli, ingawa nyingi huanzia kwenye ujazo mkubwa na bei yake ni nzito.

Kupima diski kwa siku tatu bila UPS, yaani betri ya akiba, ni kubahatisha. Ile ndogo ya VA 650 inayopatikana madukani inaitosha seva ya diski mbili kwa dakika kadhaa, na kazi yake ni kuizima seva kwa adabu, siyo kuiendesha usiku kucha. Iunganishe kwa waya wake wa USB na programu ya NUT ili seva ijizime yenyewe. Betri yake ya risasi huchoshwa na joto. Ijaribu kila miezi michache kwa kuchomoa plagi ukutani ukiwa umekaa hapo, na usishangae kuibadilisha baada ya miaka miwili au mitatu. Kwenye mipangilio ya ubao mama, zima ile ya kuwaka yenyewe umeme unaporudi. Stima ikirudi mara nyingi huyumba, huja na kupotea tena, na diski inayowashwa na kuzimwa mara tatu ndani ya dakika moja inaumizwa bure.

Kununua na kuvusha

Jambo la kuuliza kabla ya bei ni namna diski inavyoandika. Diski za CMR huandika kila mstari peke yake. Za SMR hulalisha mstari juu ya mwingine, kama vigae vya paa, ili kubana nafasi, na ukitaka kubadilisha mmoja lazima iliyolaliwa iandikwe upya pia. Kwa kuweka filamu na kusahau, SMR inavumilika. Kwa seva yenye diski pacha au RAID (kundi la diski zinazofanya kazi kama moja), kuijaza upya huweza kuchukua siku nyingi, na wakati mwingine seva huchoka kungoja ikaitoa diski kundini. Mwaka 2020 ilibainika kwamba baadhi ya diski za WD Red za TB 2 hadi 6 zilikuwa SMR bila mnunuzi kuambiwa, ndipo zile za CMR zikapewa jina la Red Plus. Usinunue kwa rangi ya karatasi. Chukua namba ya modeli, uitafute kwenye orodha ya mtengenezaji.

Diski za kamera za ulinzi, kama WD Purple na Seagate SkyHawk, zimejaa madukani Mombasa na Nairobi kwa sababu kila duka linafunga kamera. Zinafanya kazi kwenye seva, na ikiwa ndiyo pekee iliyopo mpya yenye dhamana, ni bora kuliko ya "NAS" (iliyotengenezewa seva) isiyo na risiti. Dhamana hapa ina uzito, kwa sababu kurudisha diski kutoka kisiwani ni safari.

Nyingi za bei nafuu zimeshatumika. Namba 9 ingekuambia, lakini huweza kufutwa. Mwanzoni mwa 2025 huko Ulaya iligunduliwa kwamba diski za Seagate zilizokwisha kufanya kazi maelfu ya saa zilikuwa zimeuzwa kama mpya, saa za SMART zikiwa zimerudishwa sifuri. Zilifichuliwa na daftari la pili linaloitwa FARM, ambalo smartmontools kuanzia toleo la 7.4 hulisoma: `sudo smartctl -l farm /dev/sdb`. Saa za huko zikitofautiana sana na namba 9, rudisha.

Njiani, diski isisafiri ndani ya buti la basi. Ifunge kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, uizungushie sponji pande zote, kisha mfuko usiopitisha maji, na uipakate. Kivuko cha Mokowe, kutoka bara hadi Lamu, ni kifupi, lakini wakati wa kusi mawimbi hurusha maji ya chumvi hadi katikati ya boti. Ikifika, iache imefungwa saa kadhaa ili ilingane na joto la chumba. Ikiwa imetoka kwenye baridi ya kiyoyozi, unyevu huganda juu yake kama kwenye chupa ya soda.

Kumpima mgeni

Diski hufa zaidi mwanzoni na uzeeni, kwa hiyo ni heri mpya imalize udhaifu wake kabla haijabeba kitu. Kwanza ijue kwa jina:

`lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL`

Linganisha namba ya seriali na karatasi iliyobandikwa juu ya diski. Herufi sda na sdb hubadilika seva inapowashwa upya, na amri inayofuata hufuta kila kitu bila kuuliza. Kama una kompyuta nyingine, ipime huko, mbali kabisa na data yako.

`sudo badblocks -wsv -b 4096 /dev/sdX`

Badala ya sdX weka jina la diski mpya. Amri hii huandika diski nzima kwa mchoro mmoja, ikaisoma yote, kisha mchoro wa pili, wa tatu na wa nne. Hiyo ni mizunguko minane. Kwa TB 4 inayokwenda wastani wa MB 130 kwa sekunde, kila mzunguko ni saa nane na nusu, jumla karibu siku tatu. TB 8 hupita siku nne. Kwa diski za TB 18 na zaidi weka `-b 8192`, maana 4096 hukataliwa. Iendeshe ndani ya tmux, programu inayoiacha kazi iendelee kwenye seva, ili kufunga laptopu kusiikatishe.

Siku nne za umeme usioyumba ni nyingi. Kwa nyumba nyingi mchoro mmoja unatosha, `-t 0x00`, ambao ni mizunguko miwili tu na huiacha diski ikiwa tupu, ukifuatiwa na ule ukaguzi mrefu wa smartctl. Mwishoni linganisha SMART ya kabla na ya baada. Diski mpya inatakiwa kuwa na sifuri kwenye 5, 197 na 198. Hata moja ikionekana, irudishe. Ya zamani hustahili kuvumiliwa, mpya hapana.

Kubadilisha

Kanuni ni kuongeza kwanza, kutoa baadaye. Kama ubao mama una mlango wa SATA wa tatu, usimng'oe pacha yeyote kabla mgeni hajajaa. Angalia pawa saplai mapema: diski ya inchi 3.5 ikianza kuzunguka huvuta karibu ampia 2 kwenye volti 12, kwa hiyo adapta ya ampia 5 haiwezi kuamsha nne kwa pamoja, na dalili yake ni diski zinazotoa mlio na kuzima. Epuka viunganishi vya kugeuza Molex kuwa SATA ambavyo waya zake zimemiminiwa plastiki kwenye kichwa kimoja. Hivyo hushika moto.

Tuseme hifadhi iitwayo hazina ina pacha wawili wa TB 4, A na B, na umenunua C na D za TB 8. Tumia majina marefu yaliyoko `/dev/disk/by-id`, siyo sda.

`sudo zpool attach hazina A C`

Sasa ni watatu. Fuatilia kwa `zpool status` hadi kujaza kuishe, makosa yakiwa sifuri. Kisha:

`sudo zpool split hazina nakala A`

Amri hii haijulikani na wengi, nayo ni zawadi. Humtenga A akiwa hifadhi kamili iitwayo nakala, inayoweza kufunguliwa kwenye mashine yoyote yenye ZFS kwa `zpool import nakala`. Ukimtoa kwa `zpool detach` au `zpool replace`, huishia kuwa diski isiyofunguka. Baada ya hapo muunge D kwa `zpool attach hazina B D`, ngoja ajae, kisha `sudo zpool detach hazina B`. Nafasi haiongezeki hadi mdogo wa mwisho aondoke. Ikigoma hata hapo, `sudo zpool online -e hazina C`, kisha D.

Wanaotumia mdadm, programu ya RAID ya Linux, wana njia yao: `--add` diski mpya, halafu `mdadm /dev/md0 --replace /dev/sdb1 --with /dev/sdd1`, ambayo humweka wa zamani kazini hadi mpya ajae. Wote wakibadilishwa, `mdadm --grow /dev/md0 --size=max`, kisha `resize2fs /dev/md0` kama ni ext4. Kasha la nafasi mbili tu halikupi uchaguzi, lazima mmoja atoke kwanza. Hapo usianze bila nakala kamili nje ya seva, na ijaribu hiyo nakala kwa kufungua faili kadhaa.

Usishangae TB 8 kuonekana 7.2 hivi. Watengenezaji huhesabu kwa elfu, kompyuta kwa 1,024.

Weka ulinzi wa kudumu kwenye `/etc/smartd.conf`:

`DEVICESCAN -a -s (S/../.././02|L/../01/./03)`

Ukaguzi mfupi kila siku saa nane usiku, mrefu kila tarehe mosi saa tisa usiku.

Diski A sasa ina kila kitu chako hadi siku ile. Isibaki rafu moja na seva, kwa kuwa moto, maji ya paa na mwizi huchukua vyote viwili. Itie kwenye mfuko wenye vipakiti vya silika, uandike tarehe kwa nje, na umpe ndugu aliyeko Malindi. B ikipita ukaguzi mrefu, ipewe kazi ya kupokea nakala mpya, na kila anayevuka kwenda Malindi apeleke moja na kurudi na nyingine.